Anayevuka kwa miguu: Siku ya vuli kutoka Bamburi hadi Diani

Katika kila watu mia wanaohesabiwa kuwa wakaazi wa Mombasa, wanaolala kisiwani hawafiki kumi na watatu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Waliosalia, zaidi ya milioni moja, wako bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Mji unaojulikana duniani kwa kisiwa chake ni mji wa watu wa bara, na kila kunapokucha sehemu kubwa ya watu hao hutafuta njia ya kuyapita maji.

Mimi ni mmoja wao. Nakaa Bamburi, kaskazini ya kisiwa. Mwishoni mwa Oktoba niliitenga siku nzima kwa safari ya kutoka kwetu hadi Diani na kurudi, kwa matatu, kwa miguu, kwa feri na kwa gari. Nilitaka kujua jambo moja: katika miaka hii ya madaraja na barabara mpya, ni nani aliyerahisishiwa njia, na ni nani ambaye bado anasubiri?

Vuli ni wakati mzuri wa kuuliza swali hilo. Kusi iliyovuma tangu Aprili inaishiwa nguvu na kaskazi haijashika. Wazee wa pwani huyaita majira haya ya upepo kulegea demani: bahari hulainika, wavuvi hutoka mbali zaidi, na mvua fupi hunyesha usiku ikaacha asubuhi imeoshwa. Zamani maisha ya pwani hii yalipangwa kwa zamu za pepo. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na kati ya pepo hizo mbili nahodha alifunga jahazi akangoja. Msafiri wa leo naye ana mambo yake ya kungoja: matatu ijae, foleni isogee, maji yapande, meli ipite.

Saruji na mivinje

Bamburi huamka mapema. Kabla ya saa kumi na mbili wauza mahamri na mbaazi wamekwisha kupanga masufuria kando ya barabara ya Malindi, na nyuma yao taa za kiwanda cha saruji bado zinawaka. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1951 na kikatoa saruji yake ya kwanza mwaka 1954. Malighafi yake iko chini ya miguu yetu: matumbawe ya kale, yaliyoota baharini zama ambazo maji yalifika hapa tunapojenga nyumba leo.

Uchimbaji uliacha mashimo makubwa yenye joto na chumvi, ambamo hata nyasi haikushika. Kuanzia mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda, alipanda mivinje humo. Majani yake yalipopukutika hayakuoza, basi akaleta majongoo wayale na kuyageuza udongo. Miaka ikapita, miti mingine ikafuata, ndege wakarudi. Bustani iliyotokana na kazi hiyo ndiyo iliyompokea Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, ambaye ulimwengu ulimjua kwa kuandamana na kobe aitwaye Mzee.

Kila nipitapo hapo hukumbuka kwamba shimo lile halikupona kwa hotuba wala kwa kukata utepe. Lilipona kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelifanya jukumu lake, akarudi mwaka baada ya mwaka kuangalia ni nini kimeshika na ni nini kimekufa. Kazi ya kuvusha watu maji inataka moyo wa aina hiyo.

Upande wa pili wa barabara, nyuma ya hoteli, kuna bahari. Tangu mwaka 1986 sehemu ya maji yetu imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ni mahali ambapo familia ya Kisauni yenye watoto wengi na pesa chache inaweza kukaa siku nzima bila kuulizwa kitu. Alfajiri ya vuli maji yake huwa shwari, mawimbi yakivunjikia mbali kwenye mwamba. Nilitamani kukaa, lakini makanga alikuwa akiita, “Feri! Feri! Posta, Feri!” Matatu ikajaa kwa utaratibu ule ule wa siku zote: “Sogea kidogo, mamangu, mwenzio aketi.”

Kutoka Kengeleni hadi darajani

Barabara ya kuelekea mjini inapita kwenye historia nzito bila kupunguza mwendo. Baada ya Bombolulu kuna Kengeleni, na hapo kando ya magari ingali imesimama kengele ya Frere Town. Makaazi hayo yalianzishwa na wamisheni wa Kanisa la Uingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Baadhi ya waliokuja kuyajenga walikuwa Waafrika waliolelewa Bara Hindi baada ya kukombolewa, wakarudi wakiwa mafundi, walimu na wahubiri. Kengele ililia kuwaita watu kanisani, na ililia pia kuwaonya kwamba hatari inakuja kutoka baharini. Kwa watu wale, maji yalikuwa njia waliyochukuliwa kwayo wakiwa mali ya wengine, na yalikuwa pia njia waliyorudi kwayo wakiwa watu huru.

Kisha Kongowea, soko kubwa la jumla la pwani, ambapo malori ya viazi na vitunguu kutoka bara hukutana na nazi na maembe ya pwani. Hamali na mikokoteni yao huingia na kutoka katikati ya magari kwa ustadi ambao dereva yeyote wa Mombasa amejifunza kuuheshimu. Vuli ndipo maembe ya mwanzo huanza kuonekana, machache na ya bei, na mabuyu yako tele.

Halafu daraja la Nyali. Hapa palikuwa na daraja la kuelea tangu mwaka 1931, lililofuata maji yakipanda na kushuka. Daraja la zege tunalolitumia lilifunguliwa mwaka 1980. Ukitazama ramani ya pwani utaona kwamba karibu kila mahali palipokuwa na kivuko, au pantoni, au tuta la kuziba maji, pamepata daraja imara. Kilifi magari yalivuka kwa feri hadi mwaka 1991. Makupa, tuta lililounganisha kisiwa na Changamwe lilikuwa limekata mwendo wa maji kati ya Tudor na Port Reitz, na mwaka 2022 pakafunguliwa daraja linaloacha maji yapite chini yake.

Kaskazini ya Mombasa kuna daraja. Magharibi kuna daraja. Kusini, kwa watu robo milioni wa Likoni na kwa Kwale yote iliyo nyuma yao, kuna feri.

Mteremkoni

Barabara ya Nyerere hupita mjini ikamalizikia majini. Abiria hushuka kwenye matatu, hushika mteremko, na kundi la watu linakuwa mto mmoja: wanafunzi wenye sare, mafundi wenye mifuko ya zana, akina mama wenye ndoo za samaki, wauguzi waliotoka zamu ya usiku, vijana wenye baiskeli zilizofungwa makreti ya soda. Wote huingia katika banda la kungojea, na wote hutazama kitu kimoja, feri inayokuja kutoka upande wa pili.

Mkondo wa Kilindini hapa una upana wa takriban nusu kilomita. Huduma ya feri ilianza mwaka 1937, na leo inafanya kazi mchana na usiku. Wasimamizi wake wamekuwa wakitaja hesabu ya zaidi ya watu 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Hebu tuiweke hesabu hiyo mezani tuiangalie vizuri: kwa kila gari moja linalovuka, kuna watu hamsini. Feri ya Likoni ni chombo cha watu, na magari yamepewa nafasi ndani yake.

Tena watu hao hawalipi. Gari hulipa, anayekwenda kwa miguu huvuka bure. Jambo hili tumelizoea hata hatulioni tena ukubwa wake. Mji wa New York, tajiri kuliko miji yote tunayoijua, uliondoa nauli ya feri ya Staten Island mwaka 1997 na watu wake wanajivunia hadi leo. Dar es Salaam, mvukaji wa Magogoni hutoa nauli yake kila anapovuka. Mombasa, mama mwenye beseni la mchicha huvuka asubuhi na jioni bila kutoa senti, na kwa mtu anayepata faida ya shilingi mia mbili kwa siku, hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kufanya biashara na kukaa nyumbani. Huu ni urithi wa kulindwa.

Niliwahi kujiuliza, kama wengi, kwa nini daraja halikujengwa hapa zamani. Jibu hupita mbele ya macho ya wanaosubiri. Mkondo huu ndio mlango wa bandari ya Kilindini, na meli za makontena zinazohudumia Kenya, Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo huingia na kutoka hapa. Meli inapokuja feri husimama kando ikaipisha. Meli hupita karibu sana hata mabaharia waliosimama sitahani huonekana nyuso zao, kisha mkondo huachwa ukitikisika na feri huingia kazini tena. Daraja la kupita juu ya milingoti ya meli hizo sharti liwe refu mno kwenda juu, na la kufunguka katikati sharti lifungwe kwa watu kila meli inapopita.

Maji nayo yana sheria zake. Wakati wa bamvua, yakitoka, mteremko huwa mkali na gari refu huweza kukwaruza tumbo kwenye mlango wa feri. Yakijaa, sehemu ya kukanyaga hupungua na watu husongamana. Wafanyakazi wa feri hulijua jambo hili kwa mwezi na kwa saa kama mvuvi anavyolijua. Mnadhimu anayepiga filimbi mteremkoni, akizuia gari moja na kuruhusu jingine, anasawazisha uzito wa chombo chenye mamia ya watu juu ya mkondo wenye nguvu. Ni kazi ya ufundi, na inastahili kuheshimiwa na kulipwa kama ufundi.

Nilivuka na MV Kwale, moja ya feri mbili zilizoletwa kutoka Ujerumani mwaka 2010. Nyingine ni MV Likoni. Katika safari fupi ile watu huongea kidogo. Wengine hugeuza uso upande wa bahari kuu, ambako mibuyu ya Mama Ngina inashika ukingo wa mwamba. Kabla hujaizoea hewa ya majini, mlango unashuka na watu wameanza kupanda mteremko wa pili.

Wasiofika ng'ambo

Haifai kuandika juu ya kivuko hiki bila kuwataja waliopotea humo. Asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe, kivuko cha jirani katika mkondo huu huu, ilipinduka ikiwa karibu na gati. Ilikuwa imebeba watu wapatao 400, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakienda mjini, na 272 walifariki. Chombo kilikuwa kimezidiwa. Nyumba nyingi za Mtongwe na Likoni zina jina la mtu wa siku ile, na kuna familia ambazo mpaka leo hazivuki bila kunong'ona dua. Tangu hapo huduma ya Mtongwe imekuwa ikisimama na kurejeshwa, kama ilivyorejeshwa mwaka 2017, na kila inaposimama mzigo wake wote huhamia Likoni.

Jioni ya Jumapili, Septemba 29, 2019, gari lililokuwa juu ya MV Harambee liliteleza kwa nyuma likatumbukia mkondoni. Ndani yake mlikuwa na mama na bintiye mdogo. Ilichukua hadi Oktoba 11 kuwatoa kutoka kina cha karibu mita 60, na siku zote hizo nchi nzima ilisimama kwenye ukingo wa Likoni kwa macho ya runinga. Wapwani wengi waliulizana swali moja: kama kwa miaka themanini tumekuwa tukivuka hapa, mbona vifaa vya kuokoa na wapiga mbizi wa kina kirefu ilibidi vitafutwe baada ya msiba?

Halafu janga la Korona. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga na kuwafyatulia gesi ya machozi wasafiri waliokuwa wakisubiri feri warudi makwao. Watu hawakuwa wameikaidi amri. Walikuwa wamezuiliwa na maji. Ili kupunguza msongamano, serikali ilijenga daraja la kuelea kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 1.9, na watu wakaanza kulitumia Januari 2021. Lilikuwa la waenda kwa miguu peke yao, na kwa hilo lilikuwa jambo jipya katika nchi hii. Lakini sehemu yake ya katikati ilibidi ifunguliwe kupisha meli, kwa hiyo lilitumika kwa saa maalumu, na kwa mzee au mjamzito mwendo wake ulikuwa mrefu. Halikuiondolea feri kazi yake.

Barabara ya kusini

Likoni, makanga ni wale wale na jua ni kali zaidi. Matatu ya Ukunda hupita Shika Adabu, Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi, safari ya takriban kilomita 25. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulikuwa na harufu yake. Mashamba ya minazi, mikorosho na miembe hufuatana pande zote mbili, na kila penye kivuli kuna meza ya madafu.

Kombani, barabara hukata kupanda Kwale mjini na milima ya Shimba, makao ya pekee ya palahala katika Kenya. Maji ya chemchemi za Marere huko milimani na ya visima vya Tiwi yamewanywesha watu wa Mombasa kwa miaka mingi. Ukiongeza nazi, korosho, muhogo, samaki na nguvu za vijana wanaovuka kwenda vibarua, unaona kwamba kisiwa kinalishwa na kunyweshwa kutoka upande ambao njia yake ni nyembamba kuliko zote. Kwale ilihesabiwa kuwa na watu 866,820 mwaka 2019. Mgonjwa wao mahututi akipewa rufaa ya hospitali kuu ya Makadara, na mwanafunzi wao akipata nafasi chuoni Tudor, wote wameshushwa kwenye mteremko ule ule.

Mchana niliufikia ufuo unaotenganisha Tiwi na Diani, kwenye mdomo wa mto Mwachema. Hapo, chini ya mibuyu mikubwa, umesimama msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita na ambao ungali unaswaliwa. Miji mingi ya mawe ya zama zake imebaki magofu. Huu umebaki na waumini. Kusini zaidi, msitu wa Kaya Kinondo unalindwa na wazee wa Kidigo, ambako mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Maji yalikuwa yametoka. Watu walikuwa wakivuka mdomo wa mto kwa miguu kutoka Tiwi kwenda Diani, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, mizigo kichwani. Nilivuka nao. Kila mmoja alijua ni lini maji yatarudi na alipanga shughuli zake kwa saa hiyo. Kabla ya feri na kabla ya madaraja, pwani nzima ilivuka hivi: mtu aliusoma wakati wa maji akautumia, na waliomtangulia walikuwa wamemwonyesha mahali pa kukanyaga.

Kurudi kwa Dongo Kundu

Jioni rafiki mwenye gari alinipa nafasi ya kurudi kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Tuliiacha barabara ya Lunga Lunga pale Kibundani, tukapita mashamba na mikoko, tukapanda daraja la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu, kisha la Mwache, hadi Miritini penye kituo cha reli ya kisasa. Barabara hii, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ilikamilika na kufunguliwa kote mwaka 2024. Jua lilikuwa linazama upande wa Mazeras, na chini yetu maji yalikuwa yametulia kati ya mikoko.

Ni barabara nzuri na nasema hivyo kwa furaha. Lori la Tanzania linalotoka Lunga Lunga halihitaji tena kuingia kisiwani. Mgeni anayeshuka kwenye treni Miritini anafika Diani bila kuiona foleni. Gari la wagonjwa lina njia ya pili usiku ambapo feri ni chache. Kwa wenye hoteli za kusini waliolia kwa miaka kwamba kivuko kinawanyima wageni, kilio kimesikika.

Lakini nilipokuwa nimeegemea kiti kile laini niliwafikiria watu wa asubuhi. Mama wa Shika Adabu anayeuza mboga Marikiti, sokoni kisiwani, hana gari. Kumzungusha hadi Mteza, Mwache, Miritini, Changamwe na Makupa ili afike mahali anapoweza kupaona akiwa Likoni ni kumtoza nauli na saa asizokuwa nazo. Dongo Kundu imewapa njia wenye magurudumu. Wale watu hamsini kwa kila gari wamebaki mteremkoni.

Anayetembea ahesabiwe kwanza

Tunazungumza sana sasa juu ya Mombasa Gate, daraja kubwa linalopangwa kupita juu ya mkondo wa Likoni, ambalo Japani imeahidi kulikopeshea fedha. Naliunga mkono. Ila tuangalie waliotutangulia katika njia hii. Dar es Salaam ilifungua daraja la Kigamboni mwaka 2016, na vivuko vya Magogoni havijapungukiwa na watu, kwa sababu anayekwenda Kariakoo kwa miguu bado njia yake fupi ni majini. Istanbul ilipata daraja la kwanza juu ya Bosporasi mwaka 1973 na baadaye mengine mawili, na mpaka leo watu wake wanakwenda kazini kwa feri. Juni 2025 Tanzania ilifungua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya Ziwa Viktoria, nalo lina njia za waenda kwa miguu. Yote haya yanatufundisha kwamba daraja la juu huwafaa wanaotoka mbali kwenda mbali, na kivuko huwafaa wanaokaa pembeni mwa maji.

Kwa hiyo kivuko cha Likoni kisiachwe kichakae kwa matumaini ya daraja. Kihesabiwe kuwa barabara kuu ya taifa, yenye bajeti ya matengenezo isiyosubiri msiba. Feri za zamani kama Nyayo, Harambee na Kilindini zimetumika tangu 1990 hivi, na chombo chenye umri huo kinahitaji mwenzake wa akiba kila siku, ili feri moja ikiharibika alfajiri watu wasisongamane kufikia saa moja. Mtongwe irudishiwe feri ya watu peke yao, idumu. Banda la kungojea liwe na viti vya wazee, kivuli cha kutosha na vyoo safi pande zote mbili. Wapiga mbizi na mashua za uokoaji ziwe pale pale, tayari, usiku na mchana. Na bure ya mwenda kwa miguu iandikwe mahali ambapo hakuna msimamizi mpya atakayeifuta kwa waraka.

Daraja la juu nalo, litakapojengwa, lijengwe na njia ya mabasi yenye nauli nafuu, na njia ya kutembea ambayo mtu wa miaka sitini anaweza kuimaliza. Wahandisi waulizwe hayo sasa, michoro ikiwa bado karatasi, kwa kuwa zege likishakauka halisikii.

Halmashauri ya Bandari ya Kenya, iliyokabidhiwa huduma za feri, inajua kuhesabu. Inajua kila siku ni makontena mangapi yameshuka, ya nani, yanakwenda wapi na yamekaa saa ngapi. Ustadi huo huo uletwe mteremkoni. Wahesabiwe watu wanaovuka kwa miguu, na muda wanaongoja, na hesabu hiyo itangazwe kila mwezi, Likoni na kisiwani, kwa Kiswahili kinachosomeka. Siku muda wa kungoja wa mama wa Shika Adabu utakapopimwa kwa uangalifu ule unaopimiwa kontena, tutakuwa tumeanza kumjengea njia.